Makerere Ilianza kwa Randa na Nyundo

Wahenga walinena kwamba ujuzi hauzeeki. Hata hivyo, ninapouliza darasani ni nani angependa kusomea useremala au uashi, mikono inayoinuka ni michache, na kicheko husikika kutoka viti vya nyuma. Kicheko hicho kina historia, nayo ndiyo mada yetu ya leo.

Kabla ya kuja kwa shule, ufundi ulirithishwa ndani ya koo. Katika Buganda, ukoo wa Ngonge ulisifika kwa kutengeneza nguo za magome ya mti wa mutuba, na kijana alijifunza kwa kukaa karibu na mzee wake. Baadaye wamisionari walileta karakana za useremala na uchapaji.

Mwezi wa Januari 1922, serikali ya kikoloni ilifungua shule kwenye kilima cha Makerere. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, nao walisomea useremala, ujenzi na umakanika. Naam, hiyo ndiyo Makerere tuijuayo leo! Haukupita muda mrefu yakaongezwa masomo ya utabibu, kilimo na ualimu. Mwaka 1949 kikawa chuo chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa.

Je, ufundi ulikwenda wapi? Mwaka 1928 shule ndogo ya ufundi ilianzishwa palepale Makerere, na mwaka 1958 ikahamishiwa Kyambogo. Ilikua hadi kuwa politekniki. Kisha, mwaka 2003, iliunganishwa na vyuo vingine viwili, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Historia ikawa imejirudia.

Sisemi kwamba vyuo vikuu havina faida. Vimetupatia madaktari, walimu na wahandisi. Lakini mara mbili shule ya ufundi ilipotukuzwa, ilitukuzwa kwa kugeuzwa kitu kingine. Vijana wakajifunza somo ambalo halikuandikwa ubaoni: kwamba fundi hupanda cheo kwa kuuacha ufundi wake.

Hata hivyo, serikali haikuusahau ufundi kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chuo cha Nakawa kilianzishwa kwa ushirikiano na Japani, na amri ya mwaka 1972 ikaweka msingi wa kusimamia mafunzo ya viwandani. Machafuko yaliyofuata yalizorotesha mengi. Mwaka 2008, Bunge lilipitisha sheria ya elimu na mafunzo ya biashara na ufundi, ambayo iliyatambua hata mafunzo yasiyo rasmi. Tangu hapo, fundi wa vyuma wa Katwe aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti. Vyuo vya ufundi vya jamii navyo huwapokea hata waliohitimu darasa la saba. Sheria mpya ya mwaka 2025 imekusudia kuuweka mfumo huu wote chini ya usimamizi mmoja.

Kwa hiyo mlango umefunguliwa, na mfumo umefika hadi kwenye gereji na vibanda vya barabarani. Kinachochelewa ni heshima. Sheria yaweza kumpa fundi cheti, lakini haiwezi kukizima kicheko cha darasani. Kazi hiyo ni yetu sisi raia: wazazi, walimu na ninyi wanafunzi. Tutajua kwamba tumefaulu siku ambayo shule ya ufundi itapewa fedha, vifaa na hadhi, kisha ikaachwa iendelee kuwa shule ya ufundi.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini mwandishi anasema kwamba historia ilijirudia?
2. Je, cheti pekee kinatosha kumpa fundi heshima katika jamii yako? Toa sababu mbili.