Sam Ntiro: Balozi aliyeichora Machame

MIONGONI mwa Watanzania waliojulikana nje ya nchi kwa brashi na rangi kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, jina la Sam Joseph Ntiro ndilo linalotangulia. Hata hivyo, wengi waliomfahamu nyumbani walimfahamu kama balozi na mwalimu kuliko mchoraji.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Katika miaka ya 1940 alijiunga na Chuo cha Makerere, Kampala, ambako Mwingereza Margaret Trowell alikuwa amekwisha kuanzisha mafunzo ya sanaa tangu mwaka 1937. Baadaye alikwenda London kusoma katika Shule ya Sanaa ya Slade, kisha akarejea Makerere kufundisha.

Trowell hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya. Aliwasimulia habari fulani, kisha akawaacha wachore kile walichokiona akilini mwao. Ntiro alishika njia hiyo maisha yake yote, na hata masomo ya London hayakumgeuza. Aliichora Machame akiwa Kampala, aliichora akiwa Uingereza, na mara nyingi aliichora kwa kumbukumbu tu.

Katika picha zake vilima hupandana, migomba hufunika miteremko, na watu huonekana wadogo, wengi pamoja, wakilima, wakivuna, wakichunga ng'ombe au wakienda arusini. Sura zao hazitofautishwi sana. Anayeonekana ni jamii ikiwa kazini, na ardhi aliyoichora ni ardhi iliyokwisha kuguswa na jembe.

Picha yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1956, nayo inawaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Mwaka 1960 ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York, ikawa miongoni mwa kazi za mwanzo za wachoraji wa Afrika kuingia katika hazina ya jumba hilo mashuhuri.

Mila hizo hakuzieleza kwa rangi peke yake. Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga.

Baada ya Uhuru, Serikali ya Tanganyika ilimteua kuwa balozi wake nchini Uingereza, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1964. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni wa Tanzania, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkewe, Sarah Nyendwoha wa Uganda, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada, aliyoipata Oxford.

Wapo wahakiki walioziona picha za Ntiro kuwa nyepesi mno, zenye kurudia jambo lile lile, na zenye kijiji kisicho na ugomvi, kodi wala mkoloni. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika zama ambazo Mwafrika alizoea kuchorwa na mgeni, kijiji hiki kilichorwa na mwenyeji aliyejua shamba huanzia wapi na pombe hupelekwa kwa nani. Ushirika wa kazi uliomo katika picha hizo aliuchora miaka mingi kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Ntiro alifariki dunia mwaka 1993.

Kwa msomaji wa Ubaruku, katika bonde la Usangu, migomba ya Machame ni mandhari ya mbali. Huko macho yamezoea majaruba ya mpunga na mifereji ya maji. Hata hivyo somo la Ntiro linavuka mipaka ya Uchagga: kwamba shamba la nyumbani, na watu walioinama humo kupanda au kuvuna, ni jambo linalostahili kuchorwa, na kwamba anayelijua vizuri zaidi ni yule aliyekulia humo.