Swali lililomponza Jaji Mkuu

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya swali fupi, swali la maneno matatu tu: "Kwa sheria gani?" Mama yeyote anaweza kuliuliza pale watu wenye silaha wanapomchukua mwanawe usiku. Lakini mama akiuliza mlangoni, aghalabu hujibiwa kwa kusukumwa. Jaji akiuliza, mkuu wa gereza hana budi kujibu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Leo nitawasimulia habari ya jaji aliyeuliza, naye akasukumwa kama yule mama.

Amri ambayo jaji huitumia kuuliza swali hilo, mawakili huiita kwa jina lake la Kilatini, habeas corpus. Kwa lugha yetu ya kawaida maana yake ni hii: wewe uliye na mtu, mlete. Mahakama hapo haitafuti kujua kama aliyeshikwa ana hatia au hana. Inamgeukia aliyemshika na kumwambia: mlete mtu huyo mbele yetu, utueleze umemshika kwa mamlaka gani. Akiwa na jibu la kisheria, mtu hurudi rumande kungoja kesi yake. Akikosa jibu, mtu huachiwa palepale. Tena anayepeleka maombi si lazima awe mfungwa mwenyewe. Mke, ndugu au rafiki anaweza kwenda, kwa sababu aliyefungiwa ndani hawezi kuja kubisha hodi mahakamani.

Asili ya amri hii ni Uingereza, na hata huko haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1627 Mfalme Charles wa Kwanza aliwatupa gerezani mabwana waliokataa kumkopesha fedha kwa lazima. Watano kati yao wakaomba waletwe mahakamani. Majaji walipouliza wameshikwa kwa kosa gani, jibu lililoletwa lilikuwa kwamba wameshikwa kwa amri maalumu ya mfalme. Basi. Majaji wakawarudisha gerezani. Bunge likahamaki, na mwaka 1628 likamlazimisha mfalme akubali kwamba mtu hawezi kufungwa bila kuelezwa sababu.

Nusu karne baadaye, mwaka 1679, ikatungwa sheria yenye meno. Sheria hiyo ilisema kama gereza liko ndani ya maili 20, mfungwa aletwe katika siku 3. Askari wa gereza atakayekaidi atozwe pauni 100, na akirudia pauni 200. Jaji atakayekataa kutoa amri wakati mahakama ziko likizoni, naye atozwe pauni 500. Kadhalika ilikatazwa kumsafirisha mfungwa ng'ambo ya bahari, mahali ambapo mkono wa mahakama haufiki. Waliotunga sheria hiyo waliwajua wenye mamlaka. Walijua kwamba haki bila adhabu kwa anayeivunja ni karatasi ya kufungia maandazi.

Wakoloni walipokuja Afrika walikuja na sheria zao, na hii ikiwamo. Lakini walikuja pia na ufundi wa kuikwepa. Mwaka 1906, huko Bechuanaland, nchi ambayo leo ni Botswana, chifu Sekgoma Letsholathebe wa Batawana aliwekwa kizuizini, na likatolewa tangazo la serikali kwa ajili yake yeye peke yake ili kuhalalisha kizuizi hicho. Kesi yake ilifika mpaka London. Mwaka 1910 Mahakama ya Rufani ya huko ikasema tangazo linatosha. Kwa maneno mengine, swali liliulizwa, na jibu likatungwa na yuleyule aliyeulizwa.

Nchi zetu zilipopata uhuru, zilirithi vyote viwili: swali, na ufundi wa kulikwepa. Hapa kwetu Tanganyika, mwaka 1962, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani, na ndani yake mkaandikwa kwamba amri hiyo isihojiwe katika mahakama yoyote. Tume ya Jaji Nyalali ilipotoa taarifa yake mwaka 1992, iliiweka sheria hiyo katika orodha ya sheria 40 za kukandamiza. Kenya nayo ilikuwa na sheria yake ya kulinda usalama wa umma, iliyojaza vizuizi kwa miaka mingi. Sitaki msikilizaji adhani kwamba nakwenda kusimulia ya jirani kwa kuwa ya kwetu ni safi. Nakwenda kwa jirani kwa sababu huko swali hili lilipimwa hadharani, mara mbili, na majibu yake yanafundisha.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1966. Waziri Mkuu Milton Obote alikuwa ameifuta Katiba ya uhuru ya Uganda na kuleta nyingine. Mwezi Mei jeshi likaishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo, na hali ya hatari ikatangazwa katika Buganda. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo Michael Matovu, chifu wa saza. Wakili wake, Abu Mayanja, akaomba Mahakama Kuu iamuru aletwe. Upande wa serikali alisimama Mwanasheria Mkuu, Godfrey Binaisa.

Majaji watatu, wakiongozwa na Jaji Mkuu Sir Udo Udoma kutoka Nigeria, walilichukua swali kwa uzito wote. Walikubali kuyasikiliza maombi ingawa karatasi zenyewe hazikuandikwa kwa utaratibu, maana uhuru wa mtu si jambo la kukwamishwa na kichwa cha barua. Lakini mwezi Februari 1967 walipotoa hukumu, walisema kwamba mapinduzi yakishafanikiwa na watu wakatii, hayo ndiyo chanzo cha sheria mpya. Kwa hiyo Katiba mpya ni halali, sheria ya hali ya hatari ni halali, na maelezo dhaifu aliyopewa Matovu juu ya sababu za kufungwa kwake ni kasoro inayoweza kurekebishwa. Matovu akabaki ndani.

Yaliyofuata yanachekesha kama si kuliza. Mwaka 1968 yule wakili Mayanja naye alikamatwa, pamoja na Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, wakashitakiwa kwa uchochezi. Mwaka 1969 hakimu aliwaona hawana hatia. Hawakwenda nyumbani. Waliwekwa tena kizuizini kwa sheria ileile ya hali ya hatari, ile ambayo Mahakama Kuu ilikwisha kuipa baraka.

Mara ya pili ndiyo iliyonifanya niandike mazungumzo haya. Benedicto Kiwanuka alizaliwa Buddu, mkoa wa Masaka, mwaka 1922. Alikuwa askari katika vita vikuu vya pili, kisha akasoma sheria London. Aliongoza chama cha Democratic Party, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwezi Machi 1962, akashindwa uchaguzi mwezi uliofuata. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimfunga. Idi Amin alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971, alimfungulia, na mwaka huohuo akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika wadhifa huo. Yaani Kiwanuka alikijua kizuizi kwa ndani. Alijua harufu yake.

Amin naye, mwaka huohuo wa 1971, alitoa amri ya kuwapa askari wa jeshi uwezo wa kukamata raia. Watu wakaanza kupotea. Ndipo mwezi Septemba 1972 yakaletwa Mahakama Kuu maombi kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyeshikiliwa na jeshi.

Ndugu wasikilizaji, tuukumbuke wakati wenyewe. Mwezi Agosti Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Waingereza walikuwa wakitukanwa redioni. Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kwenda kumpindua Amin, wakashindwa, na hofu ikazidi. Katika mji wa Kampala wa siku zile, nani angemlilia Mwingereza mmoja aliye mahabusu? Jaji mwenye busara ya kidunia angeahirisha shauri, angeugua mafua, angesema karatasi hazikukamilika.

Kiwanuka hakuugua mafua. Aliuliza swali: kwa sheria gani? Hakuona jibu. Akasema jeshi halina mamlaka ya kumshika mtu yule, akaamuru aachiwe.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini kwake, wakamwingiza ndani ya gari na kuondoka naye. Hawakuwa na hati. Hakuna aliyeweza kuwauliza kwa sheria gani, kwa kuwa aliyekuwa na kazi ya kuuliza ndiye waliyekuwa wamembeba. Serikali ilikana kuhusika. Kiwanuka aliuawa, na mpaka leo familia yake haijapewa mwili wa kuuzika.

Mnamo mwaka 1974 Amin mwenyewe, kwa shinikizo la dunia, aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea. Wake, mama na ndugu wakafika, mmoja baada ya mmoja, kueleza mara ya mwisho walipomwona mtu wao. Zilisikilizwa habari za watu zaidi ya 300. Zisikilize kwa makini habari za namna ile, utaona kila mmoja alikuwa na swali moja: yuko wapi? Ni lile lile la mahakama, mlete, isipokuwa sasa halikuwa na jaji wa kulisema.

Waganda hawakusahau. Katiba yao ya mwaka 1995 inasema haki ya kuomba mtu aletwe mahakamani haivunjwi wala haisimamishwi, hata wakati wa hali ya hatari. Kenya nayo, katika Katiba ya mwaka 2010, imeitaja miongoni mwa haki chache zisizopunguzwa kwa sababu yoyote. Hapa Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoa amri ya namna hiyo.

Maandishi ni mazuri. Lakini tarehe 16 Novemba 2005, katika Mahakama Kuu ileile ya Kampala, washitakiwa 14 katika kesi iliyomhusu pia Dk. Kizza Besigye walipopewa dhamana, watu wenye silaha waliovaa nguo nyeusi waliizingira mahakama. Waliopewa dhamana wakarudishwa gerezani Luzira. Tarehe 1 Machi 2007 mambo yakawa hayohayo, na safari hii majaji wa Uganda wakagoma kwa siku kadhaa. Shauri likafika hapa kwetu Arusha, katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na mwezi Novemba 2007 ikaamuliwa kwamba serikali ya Uganda ilivunja msingi wa utawala wa sheria uliomo katika Mkataba wa Jumuiya. Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ikasema kuwashitaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuzirudishia mahakama hizo baadhi ya kesi za raia. Mvutano alioufia Kiwanuka, kati ya mwenye bunduki na mwenye kalamu, haujaisha.

Je, tuseme basi kwamba swali hili halina faida? La hasha. Kama lingekuwa halina nguvu, Amin asingehangaika kumwondoa muulizaji. Gereza haliogopi kelele za nje ya ukuta. Linaogopa kutakiwa kutoa jina, tarehe, na kifungu cha sheria mbele ya watu. Mtu ambaye jina lake limekwisha kutajwa mahakamani ni vigumu zaidi kupotea.

Lakini nguvu hiyo haimo ndani ya karatasi. Imo katika mazoea: mazoea ya mkuu wa gereza kutii, ya wakili kupeleka maombi bila kuchelewa, ya gazeti kuandika, na ya sisi wananchi kuuliza hata kama aliyeshikwa hatumpendi. Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Akishikwa ndugu yetu tunapiga mayowe. Akishikwa mpinzani wetu, au mgeni, au yule tunayemwita mhalifu kabla hajahukumiwa, tunasema, "Acha wamnyooshe." Kiwanuka hakuulizia ndugu yake wala mwanachama wa chama chake. Aliulizia mtu ambaye mtaani hakuwa na mtetezi. Haki hii ikiachwa imfikie kila mtu isipokuwa tusiyempenda, haitakuwa haki tena. Itakuwa upendeleo, na upendeleo hunyang'anywa.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wazee walisema hivyo kutufundisha kujiandaa. Mimi naongeza: kabla ya kutia maji, muulize kinyozi nani kampa wembe.

Kwa leo tuishie hapo. Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.