Maumivu ya viungo na ugonjwa wa Lyme

Ugonjwa wa Lyme ni maambukizi yanayosababishwa na bakteria wa jenasi Borrelia, hasa Borrelia burgdorferi, wanaoingia mwilini mtu anapoumwa na kupe. Usipotibiwa unaweza kuleta uvimbe na maumivu ya viungo, hasa goti, wiki au miezi kadhaa baadaye. Ndiyo sababu watu wenye maumivu ya muda mrefu hujiuliza kama chanzo ni kupe. Katika maeneo ya wafugaji kama Nyabusozi na vijiji vingine vya wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoa wa Kagera, nchini Tanzania, jibu ni tofauti na lile la Ulaya au Marekani: kupe ni wengi, lakini si wale wanaoeneza Lyme.

Kupe wa Kagera

Lyme huenezwa na baadhi ya kupe wa jenasi Ixodes wanaoishi katika misitu na vichaka vya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Barani Afrika kupe hao hupatikana katika nchi za Maghreb, kama vile Moroko, Algeria na Tunisia. Kupe wa kahawia wa masikioni, Rhipicephalus appendiculatus, anayejulikana sana na wafugaji wa Kagera, hueneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi lakini haumpati binadamu. Kupe wa jenasi Amblyomma wanaweza kumwambukiza mtu bakteria Rickettsia africae. Hapo huonekana kidonda kidogo chenye gaga jeusi mahali alipoumwa, pamoja na homa na maumivu ya kichwa na misuli; si ugonjwa wa kuumiza magoti mwaka mzima.

Mwaka 2005 jarida la East African Medical Journal lilichapisha taarifa ya wagonjwa wawili wa Lyme kutoka Kenya. Taarifa za namna hiyo ni chache mno, na hazitoshi kuonyesha kwamba ugonjwa huo unaenea katika eneo hili.

Homa ya papasi

Ndugu wa karibu wa bakteria wa Lyme yuko Tanzania tangu zamani. Ni Borrelia duttonii, anayeleta homa ya papasi. Papasi, Ornithodoros moubata, ni kupe asiye na gamba gumu, anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi mafichoni, kwa hiyo mgonjwa mara nyingi hajui kwamba aliumwa. Anaweza kukaa miaka bila kula, na nyumba iliyohamwa si lazima iwe salama.

Mwaka 1904 Ross na Milne walionyesha nchini Uganda kwamba homa hiyo hutoka kwa papasi. Dutton na Todd walithibitisha hivyo mashariki mwa Kongo, na Dutton mwenyewe alifariki kwa homa hiyo Kasongo mwaka 1905. Bakteria huyo ana jina lake. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliona vimelea hao hata ndani ya mayai ya papasi. Baadaye Willy Burgdorfer wa Uswisi aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya papasi na Borrelia duttonii, na ndiye aliyekuja kutambua bakteria wa Lyme huko Marekani mwaka 1981.

Homa ya papasi hupanda ghafla kwa siku chache, huacha, kisha hurudi baada ya takriban wiki moja. Viungo huuma pamoja na homa, wala havivimbi kwa miezi. Ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga, kwani mimba huweza kutoka. Bakteria wake huonekana kwa hadubini katika tone la damu lililopakwa kwenye slaidi, kama inavyofanyika kwa malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuwaonyesha. Homa inayorudirudi huku kipimo hicho kikikataa ni sababu ya kuomba slaidi.

Vyanzo vingine

Kwa maumivu yanayodumu, kuna magonjwa ya kufikiriwa kabla ya Lyme. La kwanza kwa wafugaji ni brusela, linalotokana na maziwa mabichi au kushika kondo la ng'ombe aliyetupa mimba. Huleta homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya kiuno, nyonga na magoti. Tiba yake huwa dawa mbili kwa pamoja kwa wiki 6, kwa hiyo vidonge vya siku tano vya dukani hutuliza tu na ugonjwa hurudi.

Virusi vya mbu navyo vina historia hapa. Chikungunya ilitambuliwa katika mlipuko wa 1952 uwanda wa juu wa Makonde, na jina lake la Kimakonde linahusu mtu kujikunja kwa maumivu. O'nyong'nyong ilianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, na mwaka 1996 ilirudi kusini mwa Uganda na kugusa Bukoba. Maumivu ya chikungunya yanaweza kubaki miezi mingi baada ya homa kuisha.

Goti au nyonga moja inayovimba polepole, pamoja na kupungua uzito, inaweza kuwa kifua kikuu cha viungo. Vidole vya mikono yote miwili vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja huelekeza kwenye baridi yabisi. Jongo hushika ghafla, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Kwa wazee, kuchakaa kwa viungo ndiko kunakoongoza.

Vipimo

Kipimo cha Lyme hutafuta kingamwili katika damu, si bakteria wenyewe. Aliyewahi kuugua homa ya papasi au kaswende anaweza kupata jibu la kuwa na Lyme bila kuwa nayo. Mahali ambapo ugonjwa haupo au ni nadra sana, majibu mengi ya namna hiyo huwa ya uongo. Fedha hizo huleta faida zaidi zikitumika kwa kipimo cha brusela au kuchunguza maji ya kiungo kilichovimba.

Hali ni tofauti kwa aliyeishi au kusafiri Ulaya au Amerika ya Kaskazini na kupita vichakani. Huyo amweleze mganga mwezi na mahali alipokuwa, na kama aliwahi kuona baka jekundu likipanuka taratibu kwenye ngozi. Kipimo cha kwanza kikionyesha dalili, huhitaji kuthibitishwa na cha pili. Lyme ya viungo kwa kawaida hutibiwa kwa doksisaiklini kwa siku 28.