Baba Asiyeandikwa: Kutoka Vitabu vya Ureno hadi Parokia za Mbeya

Ukifungua vitabu vya zamani vya ubatizo vya Ureno, maneno mawili yanajirudia: pai incógnito, baba hajulikani. Mara nyingi kijiji kizima kilimjua. Kilichomficha ni utaratibu wenyewe.

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko watunze vitabu. Mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kikaongeza kwamba mtoto wa nje ya ndoa aandikiwe mzazi anayejulikana kwa hakika tu, na fedheha iepukwe. Mama hakuwa na pa kujificha, hivyo akaandikwa. Wapo walioona ni heri kumwacha mtoto kabisa. Mwaka 1783 serikali ya Ureno iliagiza kila mji uwe na roda, kisanduku cha kuzunguka kilichojengwa ukutani. Mama alimweka mtoto upande wa nje, akakizungusha, aliye ndani akampokea bila kumwona mama. Kitabuni mtoto huyo aliitwa exposto, yaani aliyetelekezwa.

Wanaosaka mababu zao hawakati tamaa hapo. Husoma pembeni mwa ukurasa, ambako huenda iliongezwa miaka baadaye kwamba baba amemkiri mwanawe. Huchunguza majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana ndugu wa baba aliweza kusimama pale. Hupekua vitabu vya ndoa, kwa kuwa wazazi wakioana baadaye mtoto alihalalishwa, na wasia, ambamo wanaume walitaja mwishoni watoto waliowanyamazia.

Vitabu vya namna hiyo viliandikwa pia Goa, iliyotawaliwa na Wareno tangu 1510 hadi 1961. Wagoa walikuja Zanzibar na Tanganyika wakawa makarani, wapishi na mafundi cherehani. Mjukuu wao anayetafuta ukoo wake hana budi kurudi kwenye parokia ya babu yake kule Goa.

Suala hili la baba asiyeandikwa linatuhusu hata sisi wa Iyunga, Mbeya. Reli ya TAZARA na barabara kuu ya Tunduma zimeleta wanaume wa kila pembe. Wengine wameendelea na safari wakiacha watoto. Katika parokia za Kikatoliki za hapa Mbeya inatumika Kanuni ya 877 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Mama asiye na mume akijifungua, jina la baba huandikwa likithibitishwa na hati ya umma, au baba mwenyewe akitamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Serikalini, Sheria ya Mtoto ya 2009 inairuhusu mahakama, ikitafuta baba ni nani, kuzingatia daftari la vizazi, mila aliyofanya baba, kumkiri mtoto hadharani na vinasaba.

Kwa hiyo anayetafuta baba aanze na cheti cha ubatizo, kisha amwombe paroko amwangalizie daftari lenyewe, pamoja na pembeni mwake. Na wewe baba uliye hai, nenda parokiani na mashahidi wako wawili. Mwanao asihangaike miaka hamsini kutafuta jina unaloweza kulitamka leo.