Kompyuta yenye vichakataji viwili: mbunifu wa majengo azingatie nini kabla ya kununua

Kazi ya mbunifu wa majengo mjini Kigali haiishii kwenye mchoro wa mistari. Ramani za kuombea kibali cha ujenzi hupelekwa kwa njia ya mtandao, na mteja naye hutaka kuiona nyumba kabla msingi haujachimbwa: rangi ya kuta, jua likiingia dirishani, kivuli cha mti uani. Picha moja ya namna hiyo yaweza kuishughulisha kompyuta usiku kucha. Hapo ndipo ofisi ndogo huanza kuulizia mashine yenye vichakataji viwili, au prosesa mbili kama wauzaji wanavyosema.

Kabla ya bei, itazamwe kazi yenyewe. AutoCAD na SketchUp hutumia kiini kimoja tu cha kichakataji kwa sehemu kubwa ya shughuli zake. Kwa mchora ramani, basi, kichakataji kimoja chenye kasi hushinda jozi yenye viini vingi vya polepole. V-Ray na Blender ni tofauti: zinapozalisha picha kwa kichakataji, huigawa vipande vipande na kila kiini kikapewa chake. Lumion, Twinmotion na Enscape hutegemea kadi ya grafiki. Anayezitumia aweke fedha zake huko, asihangaike na jozi.

Si kila kichakataji hukubali mwenzake. Core za Intel na Ryzen za AMD hukaa peke yake. Jozi hupatikana katika Xeon na EPYC, tena si zote. Katika Xeon E5, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo yenye habari: E5-1650 hufanya kazi peke yake, E5-2680 hukubali kuwa na mwenzake. Vyote viwili viwe vya namba ileile, pamoja na herufi na tarakimu zinazofuata.

Mashine zilizokwisha kutumika, kama HP Z840 na Dell Precision T7910, huvutia kwa sababu hiyo. Ikiwa na E5-2680 v4 mbili, mashine hupata viini 28. Hata hivyo, kasi ya juu ya kiini ni GHz 3.3, ilhali kompyuta nyingi za kawaida za leo huvuka GHz 4. Isitoshe, mazabodi na pawa saplai zake ni za umbo la mtengenezaji mwenyewe. Kikiharibika kifaa, hakibadilishwi kwa cha duka lolote.

Memori ndiyo hupuuzwa zaidi. Kila kichakataji cha Xeon hizo kina njia nne za memori zake. Vipande vyote vikiwekwa upande mmja, kichakataji cha pili hulazimika kuomba data kwa jirani yake, na kasi unayoilipia hupotea. Vipande 8 vya GB 8, vinne kila upande, ni afadhali kuliko viwili vya GB 32. Viwe memori za seva. Za kompyuta za kawaida hazifai.

Vichakataji hivyo viwili pekee vyaweza kula wati 240, kabla ya kadi ya grafiki. UPS ya VA 650 kwa kawaida haitoi hata wati 400, na umeme ukikatika picha ikiwa nusu, kazi ya usiku mzima hupotea.

Kuhusu Windows, toleo la Home hutambua kichakataji kimoja tu, huhitajika Pro. Windows 11 haizikubali rasmi Xeon E5, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa anayetumia Blender, Linux ni njia ya kufikiriwa.

Mashine iwashwe papo hapo dukani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya CPU: mstari wa Sockets usomeke 2. Ukisomeka 1, ama kichakataji cha pili hakipo au hakifanyi kazi, ama Windows iliyowekwa ni Home.