Ubongo wa Nani Ndiyo Kipimo? Picha za Ubongo, Maradhi na Haiba Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Malaria ikishapanda kichwani, kinachobaki baada ya homa kushuka si lazima kiwe mguu unaoburuzwa au jicho lisiloona. Huweza kuwa tabia. Mtoto aliyekuwa mtulivu anakuwa na hasira za ghafla. Aliyekuwa akitumwa dukani na kurudi na chenji kamili anasahau njiani alichotumwa. Kwa kata kama Busunzu, katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, hili si jambo la vitabuni. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, kiwango kilichoipita mikoa mingine yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa kama asilimia 7. Ugonjwa, ubongo na haiba vinakutana hapa ndani ya mtoto mmoja.

Je, picha za ubongo zinaweza kutuonyesha mkutano huo? Nadai kwamba zinaweza, kwa sharti moja ambalo mara nyingi hurukwa. Picha ya ubongo haisemi lolote ikiwa peke yake. Husema inapolinganishwa na ubongo wa mtu mwingine, au na ubongo uleule wa siku zilizopita. Anayetaka kusoma maradhi au haiba ya watu wa Busunzu kwenye picha lazima kwanza ahakikishe kwamba watu hao wenyewe wamo ndani ya kipimo.

Mashine ya MRI haipigi picha ya haiba. Hupima jinsi viini vya haidrojeni, ambavyo mwilini vimo zaidi katika maji na mafuta, vinavyoitikia mawimbi ya redio ndani ya uga wa sumaku. Kutokana na mwitiko huo kompyuta hutenganisha tabaka la kijivu lenye seli za neva, nyuzi nyeupe zinazoziunganisha, na maji yanayouzunguka ubongo. Kisha kila ubongo huvutwa na kubanwa mpaka ulingane na ramani ya wastani, na hapo ndipo ujazo wa kila sehemu hukadiriwa. Mojawapo ya ramani zinazotumika zaidi duniani ilitengenezwa katika Taasisi ya Neurolojia ya Montreal, Kanada, kwa picha za vijana 152. Ni kazi nzuri, na mengi yamejengwa juu yake. Lakini chukua mtoto aliyezaliwa Kibondo kwa uzazi mgumu, akashikwa na degedege kabla hajatimiza miaka miwili, akakua kwa ugali wa muhogo na maharage. Akiwekwa juu ya ramani hiyo, tofauti itakayojitokeza itakuwa na asili nyingi: umri, kimo, lishe, kuzaliwa kwake, maambukizi, na labda ugonjwa tunaoutafuta. Programu haina njia ya kuzitenga. Kuzitenga ni kazi ya yule aliyechagua nani alinganishwe na nani.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulishikilia jambo hili kwa nguvu. Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi, alichapisha katika jarida la Journal of Anatomy vipimo vya ubongo wa Waafrika wa Kenya. Alidai kwamba gamba la ubongo huo lilikuwa jembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko la Wazungu. Hakuwa na mashine ya picha. Alikuwa na mizani, kisu na darubini. Hata hivyo muundo wa hoja yake bado unatambulika: chukua ubongo wa kundi moja, ulinganishe na takwimu za kundi jingine zilizokusanywa mahali pengine na kwa mikono mingine, kisha tofauti iliyopatikana uipe jina la akili. Lishe na maradhi ya utotoni hayakupewa uzito uliostahili. H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alizichukua takwimu hizo hadi London kutetea dai lake kwamba Mwafrika ana upungufu wa akili wa kuzaliwa, na kwamba elimu ya Kizungu ingeweza kumdhuru. Uingereza haikugharamia utafiti mkubwa alioutaka, lakini wazo lenyewe halikufa.

Lilirudi kwa J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari baada yake. Vint alitoka kwenye ubongo akaifikia tabia; Carothers alitoka kwenye tabia akaufikia ubongo, bila kupima hata mmoja. Mwaka 1951 alifananisha mwenendo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko lake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa kijitabu chake juu ya saikolojia ya uasi wa Mau Mau. Madai ya watu walionyang'anywa ardhi yakageuzwa kuwa dosari ya haiba. Historia hii inauma, na inastahili kufundishwa katika kila chuo chetu cha tiba, pamoja na fizikia ya sumaku na siyo baada yake.

Kuilaumu sayansi ya leo kwa makosa ya Vint kungekuwa dhuluma. Watafiti wa sasa huchapisha mipaka ya matokeo yao, na mipaka hiyo ndiyo inayofundisha. Mwaka 2016 muungano wa kimataifa wa ENIGMA ulijumlisha picha za wagonjwa 2,028 wa skizofrenia na za watu 2,540 wasio nayo. Hipokampasi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu, ilikuwa ndogo zaidi kwa wagonjwa, na kati ya sehemu za ndani zilizopimwa tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote: karibu nusu ya mchepuko sanifu mmoja. Ni matokeo ya kuaminika. Lakini ukiichora mitawanyo ya makundi hayo mawili, zaidi ya asilimia 80 ya maeneo yake inalaliana. Mganga wa wilaya akipewa picha ya kijana mmoja, ukubwa wa hipokampasi pekee hautamwambia kama kijana huyo ni mgonjwa. Ukweli kuhusu wastani wa kundi haugeuki kuwa ukweli kuhusu mtu.

Kwa upande wa haiba, msingi ni mwepesi zaidi. Mwaka 2010 utafiti wa watu wazima 116 huko Marekani ulitangaza uhusiano kati ya ujazo wa sehemu za ubongo na sifa nne kati ya zile tano kuu za haiba. Miaka kumi baadaye utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, wenye watu 1,107, haukupata ushahidi wa maana wa uhusiano wa namna hiyo. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba uhusiano kati ya picha za ubongo na tofauti za kitabia baina ya watu huhitaji maelfu ya washiriki ndipo uaminike, ilhali tafiti za fani hiyo kwa kawaida zilikuwa na watu kama 25 tu. Hata dodoso linalotumika kupima sifa hizo halifai kila mahali: wakulima na wawindaji wa Tsimane wa Bolivia walipohojiwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, zile sifa tano hazikujipanga kama zilivyojipanga kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Kabla ya kutafuta haiba ya mtu wa Busunzu ndani ya fuvu lake, ingebidi tuwe na njia ya kuipima ambayo majirani zake wangeitambua.

Tunaposema kwamba ubongo umepata "mabadiliko", neno hilo nalo linadai kwamba palikuwa na hali ya awali. Chukua kambi za wakimbizi za Kigoma: ya Nduta ilijengwa Kibondo, na ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, ilijengwa Kasulu. Mtu angeweza kupima hipokampasi za wakimbizi wenye kiwewe, akazikuta ndogo, akaandika kwamba vita vimeziharibu. Mark Gilbertson na wenzake walitoa onyo mwaka 2002. Walichunguza mapacha wanaofanana, mmoja akiwa amepigana vitani na mwenzake hakwenda. Askari waliougua kiwewe sugu walikuwa na hipokampasi ndogo, na ndugu zao waliobaki nyumbani walikuwa nazo ndogo vilevile. Huenda udogo huo ulitangulia vita. Picha moja, iliyopigwa siku moja, haiwezi kuamua kipi kilitangulia, na mkimbizi ana haki ya kutotangazwa kuwa ameharibika ubongo kwa ushahidi wa namna hiyo.

Kuna pia madhara ambayo picha haiyaoni kabisa. Konzo, ugonjwa wa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hupoozesha miguu ghafla na kwa maisha yote; William Howlett na wenzake waliueleza kutokana na mlipuko wa Tarime wa mwaka 1985. Wagonjwa wawili kutoka Zaire walipopigwa MRI nchini Sweden, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993, ubongo na uti wao wa mgongo ulionekana wa kawaida. Mtu hawezi kutembea, na picha ni safi. Katika nchi ya walaji muhogo, jambo hili litangulie akilini kila tunaposhawishika kwamba kisichoonekana hakipo.

Basi picha zina thamani wapi? Mfano ninaouheshimu zaidi nchini ni wa Haydom, mkoani Manyara. Andrea Winkler na wenzake waliwapiga picha za CT watu 212 wenye kifafa, na wakawapiga pia watu 198 wa kulinganishwa nao wasio na kifafa. Alama za mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo zilionekana kwa asilimia 17.9 ya kundi la kwanza, na kwa mtu mmoja tu wa kundi la pili. Hapo picha ilizungumza, kwa sababu kipimo kilitoka nchini humuhumu, na kwa sababu jibu lilielekea kwenye jambo linalotendeka: dawa, choo, na nguruwe aliyefungiwa bandani.

Mfano wa pili uko Blantyre, Malawi, ambako MRI iliwekwa katika hospitali ya Queen Elizabeth mwaka 2008. Miongoni mwa watoto 168 wenye malaria ya ubongo, 25 walifariki, na 21 kati ya hao 25 walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo tangu walipolazwa. Kati ya 143 walionusurika, waliokuwa na uvimbe huo ni 39. Matokeo hayo, yaliyochapishwa na Karl Seydel, Terrie Taylor na wenzao mwaka 2015, yalionyesha njia ya kifo iliyokuwa ikibishaniwa kwa miongo. Watoto hao hawakulinganishwa na watoto wa Ulaya. Walilinganishwa wao kwa wao. Katika mji huohuo, Gretchen Birbeck na wenzake waliwafuatilia walionusurika wakakuta karibu theluthi yao wakipata kifafa, ulemavu au matatizo ya tabia. Hapa ndipo maradhi na haiba vinapoweza kuunganishwa kwa haki, kwa sababu mtoto anafuatiliwa tangu kuugua na tabia yake inaelezwa na waliomlea.

Utafiti unaoifaa Busunzu ungeanzia hapo. Watoto waliolazwa kwa malaria kali wafuatiliwe pamoja na ndugu zao na wenzao wa kijiji hichohicho ambao hawakuugua, na warudiwe kupimwa wanapokua. Mazungumzo na wazazi yafanyike kwa Kiha, wakieleza wenyewe tabia ipi imebadilika. MRI ndogo za kuhamishika zenye sumaku ya tesla 0.064 hutumia umeme wa soketi ya kawaida, na ingawa picha zake hazina ung'avu mkubwa, uvimbe na makovu makubwa huonekana. Picha na takwimu zihifadhiwe Tanzania, na kibali cha maadili kitamke kwamba hazitatumika kutolea hukumu juu ya haiba ya mtu wala ya kabila. Tena asipigwe picha mtoto yeyote kabla dawa ya kifafa haijahakikishwa katika zahanati iliyo karibu na kwao, kwa miaka yote atakayoihitaji.