Ati Muziki wa Klasiki ni wa Wazungu? Muulize Guka Wangu

Wasee, wiki jana niliweka kwa status posta ya konsati ya piano na kwaya, Nairobi. Beshte yangu wa Embu akajibu hata kabla sijaweka simu chini: "Hiyo ni ya wazungu na watoto wa Karen. Wewe wa Runyenjes unaenda kufanya nini huko?"

Nilicheka. Lakini ukweli ni kwamba kuna wakati mtu wa Embu ama Meru hangethubutu kuingia huko. Wacha niwape hiyo stori.

Nairobi Music Society ilianza enzi za ukoloni. Chuo cha muziki tunachokiita leo Kenya Conservatoire kilianza 1944, na Nairobi Orchestra ikaanza 1947. Halafu 1952 wakafungua Kenya National Theatre, pale mbele ya hoteli ya Norfolk. Waliokaa kwa viti wengi walikuwa wazungu.

Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekwa kapu moja na kupewa jina la KEM. Ukiwa KEM, husafiri bila pasi. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi likaizingira Nairobi, mtaa kwa mtaa. Hiyo ndiyo Operation Anvil. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini.

Guka wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 19, anafanya kazi ya jikoni kwa nyumba ya mtu. Alipitishwa Langata, kisha Manyani. Konsati pekee aliyowahi kusikia Nairobi ilitoka kwa redio ya mwajiri wake, yeye akiosha vyombo.

Sasa sikiza hapa. Huyo kijana wa vyombo tayari alikuwa anajua kuimba Handel.

Alijulia wapi? Kanisani. Wamisheni walipokuja kwetu, Kigari upande wa Embu, Kaaga na Chogoria upande wa Meru, walikuja na solfa: do, re, mi. Ni mtindo ambao mwalimu mmoja Mwingereza, Sarah Glover, aliubuni, na John Curwen akaueneza karne ya 19, ili mtu wa kawaida asome muziki bila kununua piano. Ndiyo maana mpaka leo kwaya ya kijijini, bila kinanda, inaimba Haleluya ya Handel sauti nne kila Krismasi. Handel aliiandika 1741. Guka aliiimba besi, na aliporudi kutoka Manyani akafundisha wengine, akigonga meza kwa kidole.

Na wewe je? Kama uliwahi kuimba "set piece" shuleni, ukalia mlipotolewa kiwango cha kaunti, basi ushafanya muziki wa klasiki. Kenya Music Festival ilianza 1927. Ni vile tu hakuna aliyekuambia hiyo ndiyo klasiki. Huko Korogocho, karibu na jaa la Dandora, watoto wa Ghetto Classics wanapiga vayolini na tarumbeta. Hawakungoja kuhamia Karen.

Kwa hivyo mlango ulikuwa umefungwa, kweli, na aliyeufunga alikuwa na bunduki. Lakini leo hakuna mtu anakuuliza pasi. Kuna tiketi na nauli, sikatai, na si kila mtu ana hiyo pesa. Lakini beshte yangu hakusema hana nauli. Alisema si yetu. Hilo ndilo linaniuma, kwa sababu mkoloni alienda na sisi tumebaki tukimlindia mlango.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kumfundisha mtu historia. Hii nimeisikia jikoni kwetu.

Ombi langu ni mbili. Moja: watu wa kwaya wa Embu na Meru, andaeni konsati zenu hapa nyumbani. Kumbi za kanisa zipo, sauti zipo, watu watakuja.

Mbili ni yangu mwenyewe. Guka ana miaka 90 sasa. Nimeshanunua tiketi mbili. Nilipomwambia, aliuliza kitu kimoja tu: "Tutabeba kitambulisho?"

Nikamwambia hapana, Guka. Tutabeba sweta tu.